Kagua pini ya tela kabla hujapakia mzigo

Huu ndio wakati ambao barabara zetu zinajaa matrekta na pawatila zinazovuta matela kutoka mashambani kwenda mashineni. Katika kuzunguka kwangu vijijini nimejifunza kutazama kitu kimoja kabla ya salamu kumalizika: pale tela linapoungana na trekta.

Nitakueleza kwa nini. Mama mmoja anayenunua mpunga alikodi trekta kubeba gunia 30 za kilo 80. Huo ni mzigo wa kilo 2,400, bila kuhesabu uzito wa tela lenyewe. Kwenye mteremko wa kushukia darajani tela lilichomoka, likaenda peke yake mpaka mtaroni. Vijana wawili waliokaa juu ya magunia waliruka, mmoja akavunjika mkono. Nilifika wakati watu wanazoa mpunga kwenye tope. Pini tuliyoiokota ilikuwa kipande cha nondo, kimepinda kama kidole. Dereva alisema ni bahati mbaya, mwenye trekta akasema hakuwepo. Hasara ikabaki kwa mama.

Mimi sikubali kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nondo ile ilionekana kwa macho tangu asubuhi. Wengi wetu tunaamini kukagua trekta ni kazi ya dereva peke yake. Lakini mzigo ni wako, na vijana wanaopakia ni wa kwako. Una haki ya kuinama na kuangalia kabla gunia la kwanza halijapanda. Angalia haya:

1. Pini yenyewe. Nondo ya ujenzi si pini. Inapinda taratibu, na ikishapinda inapanda juu kila tela linaporuka kwenye shimo. Pini nzuri ni ya chuma kigumu, imenyooka, ina kichwa juu, na unene wake unakaribia kujaza tundu. Ikiwa imelika katikati, ibadilishwe.

2. Kotapini ya chini. Pini huingizwa kutoka juu, na chini yake kuna kitundu cha kotapini au klipu ya kuizuia isitoke. Mara nyingi hapo utakuta waya, au hakuna kitu kabisa. Kwenye barabara ya mashimo pini isiyofungwa chini itatoka tu.

3. Tundu lililopanuka. Ukisikia tela linagonga "ko, ko" kila trekta inapoanza kuondoka au kupunguza mwendo, tundu limelika na kuwa kama yai. Kuweka pini mpya kwenye tundu bovu hakusaidii. Fundi arudishie tundu kwa bushi mpya, au abadilishe kipande hicho chote.

4. Mkono wa tela. Angalia ule mkono wa chuma unaotoka mbele ya tela, hasa pale ulipochomelewa. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi mara nyingi ni ufa. Usikubali ufunikwe kwa rangi. Usafishwe, kisha uchomelewe na fundi anayeijua kazi yake.

5. Mahali pa kufungia. Tela lifungwe kwenye baa ya kuvutia, ile ya chini kati ya matairi ya nyuma ya trekta. Wapo wanaofunga mnyororo juu zaidi ili trekta "ipate nguvu" kwenye tope. Ukivuta kutoka juu, matairi ya mbele yanainuka na trekta inaweza kumpindukia dereva kwa nyuma. Ajali hiyo haimpi nafasi ya kuruka.

6. Upangaji wa magunia. Tela la ekseli moja likijazwa nyuma, mkono wake unainuka na kuivuta pini kwenda juu. Tanguliza magunia mazito mbele kidogo ya ekseli, ili mkono ukandamize chini. Mlimani uzito hurudi nyuma, kwa hiyo yafunge kwa kamba.

Ongeza mnyororo wa usalama kutoka kwenye tela hadi kwenye trekta, mrefu kiasi cha kukata kona bila kuburuta chini. Pini ikikatika, mnyororo unampa dereva nafasi ya kusimama. Kabla ya mteremko aweke gia ndogo akiwa bado juu, asisubiri mpaka mzigo uanze kumsukuma.

Wakati wa kufunga au kufungua tela, weka mawe kwenye matairi yake, na asisimame mtu katikati trekta inaporudi nyuma. Dereva asimamishe kwanza, ndipo msaidizi aingie kuweka pini. Na watu wasipande juu ya mzigo, hata kama safari ni fupi.

Ukaguzi wote huu haufiki dakika 10. Dereva akikasirika kwa sababu umeinama kuangalia pini yake, tafuta trekta nyingine. Bei ya pini na kotapini yake haifiki hata bei ya gunia moja la mpunga, na wewe unapakia 30.