Kimondo cha Mbozi: mtoko wa siku moja kwa wenye simu zisizozimwa

Waulize wakazi wa Tunduma wikendi wanakwenda kutembea wapi, wengi watakujibu Nakonde. Unavuka mpaka, unanunua vitu viwili vitatu, unarudi. Au Mbeya, kama mfuko unaruhusu. Serengeti na Ngorongoro tunaziangalia kwenye kalenda za ukutani. Wachache sana watakutajia Kimondo, na kwa kweli hapo ndipo penye raha yake: siku tuliyokwenda sisi hatukubanana na mtu.

Kimondo kiko kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, wilayani Mbozi. Unatoka Tunduma kwa barabara kuu ya Mbeya, na ukishafika maeneo ya Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, unaanza kukaza macho. Njia ya kuingia iko upande wako wa kulia. Asubuhi mnakunywa chai kwenu, jioni mnakula kwenu. Katikati ni mashamba ya kahawa na hewa isiyo na moshi wa malori.

Tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa 7, watatu tu: mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 7. Mume wangu ni wakala wa forodha. Wenzangu wenye waume wa boda mnanielewa. Simu yake haijui Jumapili, lori likikwama saa nane usiku na yeye anakwama nalo. Mimi nilikuwa na barua ya uhamisho kwenye mkoba, niripoti Dodoma mwezi wa 9. Wiki mbili nzima tulikuwa tunaizungumzia vipande vipande, mara mlangoni, mara kwa meseji, na kila tukifika kwenye swali lenyewe simu inaita. Swali lilikuwa moja tu: mtoto anabaki na nani?

Sasa, kuna watu wanafika pale wanasema, "Jiwe tu?" Jamani, si jiwe. Ni chuma, karibu asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Kina urefu wa mita 3 hivi na kimo cha mita 1, rangi ya kahawia iliyoiva, na ngozi yake ina mabonde madogo madogo kana kwamba mtu aliuminya udongo kwa vidole gumba. Uzito wake ni wa kukadiria. Vitabu vya zamani viliandika tani 25, siku hizi makadirio yanayotumika zaidi ni tani 16. Mume wangu, ambaye maisha yake ni mizani ya Mpemba, alikizunguka mara mbili akitikisa kichwa. "Mzigo wa lori zima," alisema, "na ungeingia sebuleni kwetu." Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akishangaa kitu.

Historia yake ni tamu. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa wahunzi hodari waliojua kuyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo. Inaelezwa kwamba walikifahamu kitu hiki muda mrefu lakini kilikuwa na mwiko wake, wakakiacha kama kilivyo. Mwaka 1930 mpima ardhi aitwaye W. H. Nott akakiona, na dunia ikasikia. Wakati huo ni mgongo tu uliokuwa nje, mwili wote umefukiwa. Ili kionekane wakachimba mtaro kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha wakaiimarisha kwa zege. Ndiyo maana leo unakikuta kimekaa juu ya kiti chake kama bwana harusi.

Binti yangu alitaka kuona shimo kilipoangukia. Hakuna. Na hakuna masimulizi ya mababu kuhusu siku kilipoanguka. Kwa sababu hizo wataalamu wanaamini kilishuka maelfu ya miaka iliyopita, mvua na udongo vikafuta alama. Chuma cha namna hii huwa kimetoka ndani ya asteroidi, yaani vipande vya mawe na chuma vinavyolizunguka Jua, iliyovunjika kwa kugongana na nyingine huko juu.

Nilimsomea pia habari za wenzake. Kikubwa kuliko vyote duniani kiko Namibia, kinaitwa Hoba, tani 60 hivi, na hakijawahi kuhamishwa. Lakini kule Greenland, Mmarekani Robert Peary alikipakia melini kipande cha tani 31 mwaka 1897, kikaishia New York kwenye jumba la makumbusho. Wenyeji walikuwa wakikitumia kutengenezea visu.

"Hiki kwa nini hawakukihamisha?" akauliza.

"Kizito," baba yake akamjibu.

Akafikiri kidogo. "Mimi nina kilo 21."

Kumbe alikuwa anasikia yote, ya mlangoni na ya kwenye simu. Tulitazamana, na mume wangu akatoa simu mfukoni akaizima. Siyo kuiweka kimya, kuizima. Tulitandika kanga kwenye nyasi nje ya eneo, tukafungua chapati, mayai na chupa ya chai, na tukazungumza mbele yake kwa mara ya kwanza. Saa nzima. Haikuwa tamu yote. Nililia kidogo, na yeye alisema mambo ambayo kwa meseji asingeyaandika, kwamba anaogopa nyumba tupu kuliko anavyoogopa gharama. Mwisho tukakubaliana mtoto amalize mwaka wa shule Tunduma, bibi yake aje kutoka Tukuyu kukaa nao, na mwezi wa 1 ahamie Dodoma kwangu. Baba atakuwa nyumbani kabla ya saa moja usiku, siku tatu kwa wiki. Binti alidai ziwe nne. Bado wanajadiliana.

Mkitaka kwenda, haya machache. Eneo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo imejenga kituo cha taarifa, kwa hiyo waliopo watawaeleza vizuri kuliko mimi. Ulizieni kiingilio mapema. Kuanzia Juni mpaka Agosti Mbozi ni baridi, sweta si urembo. Bebeni chakula chenu. Juni 30 ni Siku ya Kimataifa ya Asteroidi, ukumbusho wa mlipuko wa Tunguska kule Siberia mwaka 1908, na imewahi kuadhimishwa hapo hapo kwenye kimondo. Mkipenda watu wengi chagueni siku hiyo. Na kama mna mtoto, mpeni sumaku ndogo. Wa kwetu alitoa ya mlango wa friji. Iling'ang'ania kwa nguvu, ikabidi baba yake aje kuibandua.