Kamera ya harusi na pete za Zohali

Darubini iliingia Dodoma ndani ya begi la shangazi, imeviringishwa kwenye madira matatu ili isivunjike. Shangazi anaishi Muscat. Alipompigia simu binti wa kaka yake kumuuliza anataka zawadi gani ya kumaliza darasa la saba, alitegemea kusikia simu ya mkononi. Binti akasema darubini. Ilikuwa Septemba 2024. Mtihani umepita, shule ya bweni inamsubiri Januari, na hapo katikati kuna miezi mitatu ya kukaa nyumbani.

Ni darubini fupi na nene, ya kuwekwa juu ya meza. Kioo chake kina upana wa milimita 130, urefu wa fokasi ni milimita 650. Haina mota, inasukumwa kwa mkono. Usiku wa kwanza familia nzima ilipanga foleni uani, na kila aliyechungulia alisema maneno yaleyale: "Kumbe ina pete kweli!" Binti peke yake ndiye aliyekunja uso. Pete za Zohali kwenye kitabu chake ni pana kama ukingo wa kofia ya pama. Hizi zilikuwa nyembamba, kama njiti ya kiberiti iliyochomekwa katikati ya chungwa.

Kitabu hakikudanganya. Zohali huchukua miaka 29 na ushei kulizunguka Jua, na katika safari hiyo pete zake huonekana kutoka Duniani kwa pembe tofauti. Mwaka 2024 zilikuwa zinageukia ubavu. Ifikapo Machi 2025 zingekuwa zimelala kabisa, uzi usioonekana.

"Baba, tuzipige picha kabla hazijapotea," akasema.

Hapo ndipo baba alipojiona ameitwa kazini. Yeye ni mpiga picha wa harusi, anajulikana Dodoma nzima kwa ukumbi na kwa ukumbi. Kamera yake, ya pikseli milioni 24, ndiyo iliyolipa ada za watoto na kuezeka nyumba. Akaifuta lenzi kwa kitambaa, akaagiza adapta ya kuiunganisha na darubini, akamwambia binti yake, "Wewe lete kiti tu, mama, kaa uangalie."

Adapta ilipofika, usiku huo ukawa wa aibu. Kamera ilipofungwa kwenye darubini, picha ilikataa kukaa kwenye fokasi hata alipozungusha skrubu mpaka mwisho. Darubini nyingi ndogo za vioo zina tabia hiyo: mahali picha inapoundwa ni karibu mno na bomba, na bodi ya kamera kubwa haiwezi kusogea hadi hapo. Walipoongeza lenzi ya Barlow, ile inayokuza mara tatu na kuisogeza picha nje, fokasi ikapatikana, lakini bomba likainama kwa uzito kama punda aliyezidishiwa mzigo. Baba akabaki ameishikilia kamera kwa mikono miwili, anabonyeza, anatukana kimoyomoyo.

Picha aliyoipata ilikuwa giza tupu na nukta ya njano katikati.

Wakati huohuo mama, aliyekuwa amekuja kuwaita kula, aliweka simu yake kwenye lenzi ya kuchungulia. Zohali ikatoka doa jeupe lisilo na umbo. Akagusa lile doa kwenye kioo cha simu, akaushikilia hapo, akavuta mwangaza chini kwa kidole. Njiti ya kiberiti ikajitokeza. Mama hakusema kitu, aliituma tu kwenye kundi la familia la WhatsApp. Shangazi akajibu kwa mioyo saba.

Mzazi ambaye ana darubini ya aina yoyote nyumbani anaweza kuanzia hapo, kwa simu aliyoishika sasa hivi, bila kutumia hata senti.

Baba hakula vizuri usiku ule. Asubuhi alimkuta binti sebuleni anapiga hesabu nyuma ya kadi ya mchango wa harusi. Alikuwa ameuliza swali ambalo baba, kwa miaka yake yote ya kazi, hakuwahi kulazimika kuuliza: picha ya Zohali ndani ya kamera ina ukubwa gani? Zohali na pete zake, kwa wakati ule, zilichukua nafasi ya sekunde 43 za pembe angani. Ukizidisha kwa milimita 650 za darubini na kugawanya kwa 206,265, unapata kama milimita 0.14.

"Chukua milimita moja ya rula, igawe mara saba," alisema. "Kipande kimoja ndicho Zohali."

Kihisi cha kamera ya baba, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kina upana wa milimita 36. Hata Barlow ikikuza mara tatu, sayari inapata pikseli kama 70 tu kati ya 6,000 za upana wa picha. Zilizobaki zote zinapiga giza. Kamera iliyotengenezwa kuchukua bwana harusi, bibi harusi, wazazi wa pande zote mbili na keki, ilikuwa imeletewa punje ya mtama.

Kinachotakiwa kwenye sayari ni kinyume cha alichozoea. Kihisi kinaweza kuwa kidogo kama ukucha, mradi pikseli zake ziwe ndogo na kamera iweze kurekodi video ndefu bila kuibana sana. Video ndiyo siri yenyewe. Hewa iliyo juu ya nyumba haitulii. Inachezesha picha kama maji yanavyochezesha kokoto chini ya mto. Katika fremu 1,000 chache tu zinakutana na hewa iliyotulia. Programu za bure kama AutoStakkert huzipanga fremu kwa ubora, huchukua zile nzuri na kuzilaza moja juu ya nyingine hadi chengachenga zinafutika. Kwa haki ya kamera ya baba, iseme: kuna kamera kubwa zinazoweza kurekodi kipande cha katikati tu cha kihisi, na hizo hufanya kazi hii vizuri. Yake haikuwa na uwezo huo.

Basi zikaanza siku za kutafuta. Baba, kama mtu yeyote wa fani aliyeumizwa, alitaka kununua kamera kubwa ya wataalamu: isiyo na rangi, inayopiga nyeusi na nyeupe, pamoja na gurudumu la kubadilishia filta nyekundu, kijani na bluu. Sababu zake hazikuwa za kijinga. Kamera ya namna hiyo hutumia kila pikseli kwa kila rangi, kwa hiyo hutoa picha kali zaidi. Bei ilipita milioni moja na nusu.

"Hela ya godoro na tranka haiguswi," mama alisema kutoka jikoni, bila kugeuka.

Lakini aliyeizika hoja hiyo ni binti. Darubini yao haina mota. Kwa kukuza kule, sayari ingekatiza kihisi kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa sekunde kama 40, kwa sababu Dunia inazunguka. Ndani ya sekunde 40 nani atabadilisha filta tatu na kurudisha sayari katikati? Wanaopiga Mshtarii kwa mtindo huo wana haraka nyingine tena, maana sayari hiyo hujizungusha kwa chini ya saa 10, na ukichelewesha rangi moja, madoa yake yanakuwa yameshasogea. Wakakubaliana kamera ndogo ya rangi, yenye pikseli za maikromita 2.9, isiyofika laki nne. Wapigaji wengi wa sayari huzidisha ukubwa wa pikseli kwa tano ili kujua darubini ikuzwe kiasi gani, 2.9 mara tano ni 14.5, na darubini yao yenye uwiano wa f/5, ikiwekewa Barlow ya mara tatu, ni f/15. Ilikaa kama pete kidoleni.

Baba alikubali, ila alikuwa amenywea. Mtoto wa miaka 13 amemzidi kwenye kamera.

Kwenye filta ndipo alipopata nafasi yake tena. Binti alikuwa ameona kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kiboksi cha filta za mtumba: nyekundu, njano, kijani, bluu, na nyingine mbili. Alizitaka zote. Mzigo ulipofika kwa basi, baba alizipanga mezani, akamweleza kitu anachokijua hata usingizini. Juu ya kihisi cha kamera ya rangi kuna filta ndogondogo tayari: katika kila pikseli nne, moja ni nyekundu, moja bluu, mbili kijani. Ukitanguliza filta nyekundu mbele, pikseli tatu kati ya nne zinabaki karibu na kiza. Filta za rangi zilitengenezewa jicho. Ile ya bluu humsaidia anayechungulia kuiona mikanda ya Mshtarii, lakini mbele ya kamera ya rangi inaharibu kazi.

Ya tano ilikuwa ya kijivu, ya kupunguza mng'ao wa Mwezi. Ya sita ilikuwa nyeusi yenye ukijani, imeandikwa ukingoni neno la Kiingereza la Jua.

"Hii nimeipangia Jumamosi," binti akasema. "Rafiki zangu wanakuja mchana, nataka niwaonyeshe madoa ya Jua."

Baba aliiinua, akaigeuza, akaona nyuzi zake. Filta ile hufungwa kwenye lenzi ya kuchungulia, mahali ambapo kioo cha milimita 130 kimeshakusanya mwanga wote wa Jua na kuufanya moto. Kila mtoto wa shule amewahi kuchoma karatasi kwa lenzi ndogo kuliko hiyo. Kioo kinaweza kupasuka ghafla kwa joto, na aliyeweka jicho hapo hana muda hata wa kupepesa. Filta salama ya Jua hufunika mdomo mzima wa mbele wa darubini, mwanga upunguzwe kabla haujaingia, nayo iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo na haina tundu wala mkwaruzo.

Hakupandisha sauti. Alitoka nayo uani, akaiweka juu ya jiwe la kufulia, akaigonga kwa nyundo mara mbili. Aliporudi, alimkuta binti amesimama palepale, macho yamejaa maji. Akamweleza polepole kwa nini, na kwamba mchana darubini itakaa ndani, na kifuniko chake. Jumamosi wageni walikunywa soda, wakaondoka bila kuona madoa ya Jua.

Filta moja tu ilinunuliwa mpya, na haikuwa na rangi. Kamera ndogo ilikuja na kioo kitupu mbele ya kihisi, na vihisi vya namna hiyo huona hata mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Baba alilithibitisha kwa rimoti ya televisheni. Aliielekezea kamera, akabonyeza, na kwenye kompyuta taa ya rimoti ikawaka nyeupe kama tochi. Mwanga huo haukai kwenye fokasi moja na rangi nyingine unapopita kwenye lenzi ya Barlow, na huifanya picha iwe na ukungu na rangi ya ajabu. Walipofunga filta ya kuzuia infraredi na urujuanimno, taa ya rimoti ikazimika. Mdogo wake binti, wa darasa la pili, alilirudia jaribio hilo mpaka betri zikaisha.

Jumamosi zote za Oktoba baba alikuwa kwenye harusi, kwa hiyo walipiga Jumapili. Mara mbili waliambulia patupu. Mara ya kwanza walianza saa mbili usiku wakati bati na sakafu ya saruji bado zinatema joto la mchana, na Zohali ilichemka kama maharage. Mara ya pili upepo wa Dodoma uliisukuma darubini wenyewe. Jumapili ya tatu walihamia kwenye udongo nyuma ya banda la kuku, wakasubiri hadi saa nne. Zohali ilikuwa karibu juu ya utosi, mahali ambapo hewa ya kupenya ni fupi kuliko kokote. Ni bahati ya walio karibu na ikweta, ingawa darubini ya kusukumwa kwa mkono ni mbishi sana kuigeuza ikiwa imetazama juu kabisa. Binti alisukuma, baba akaangalia skrini.

"Acha. Hapo hapo. Inaingia."

Sekunde 40, fremu kama 1,200. Wakasukuma tena. Walifanya hivyo mara 10, kisha wakaiachia kompyuta kazi hadi saa saba usiku. Walibakiza asilimia 15 ya fremu, na baba akainoa picha taratibu, kama anavyoinoa picha ya bibi harusi, akijua pa kuachia. Pikseli kama 140. Mpira wa rangi ya asali, mkanda mmoja uliofifia, na pete kama uzi uliopitishwa katikati.

Kwa ukubwa ule haikufaa fremu ya ukutani. Baba aliichapisha studio kwa saizi ya pasipoti, nne kwenye karatasi moja, akazikata kwa mkono. Moja ilikwenda Muscat. Moja mama ameiweka nyuma ya kava la simu. Ya tatu ipo kaunta ya studio, katikati ya maharusi, na wateja huuliza ni ya nani. Ya nne ilibandikwa ndani ya kifuniko cha tranka, iliyoondoka Januari pamoja na godoro jipya. Darubini imebaki nyumbani, imefunikwa dira la shangazi. Jumapili, akiwa hana kazi, baba huitoa nje peke yake.