Hodi ya Barua

Nasimamia seva ndogo ya barua pepe ya washairi wenzangu. Walio ofisini walituma barua bila taabu. Walio safarini walipokea tu, na kila walichokituma kwa watu wa nje kilikataliwa. Seva iliwaamini waliokuwamo katika mtandao wa ofisi, wengine ikawahesabu wageni.

Kuwafungulia watu wote kungekuwa rahisi, lakini wenye barua taka wangepitisha humo zao, na seva nyingine zingekataa hata mashairi yetu. Basi nikafungua mlango wa 587, uliotengwa kwa kazi hiyo mwaka 1998: mazungumzo husimbwa kwanza, mtumaji akataja jina na nywila, ndipo barua ipokelewe. Mlango wa 25 ukabaki wa seva zinazopelekeana barua.

Hapo nikalitazama upya neno hodi. Mstaarabu hapigi hodi akaingia, hungoja aulizwe "Nani?", wala hajibu "Mimi" akanyamaza, bali hujitaja. Karibu haitolewi kwa mahali mtu aliposimama, hutolewa kwa kujulikana kwake. Wapenzi wa lugha, "uthibitishaji" ni neno sahihi; ila kwa kazi hii mimi nachagua "hodi".