DC: kutoka betri ya Ndanai hadi kituo cha data

Msomaji, leo naweka kando programu ninayoandika, nizungumzie stima inayoiendesha.

Hapa Ndanai stima ikipotea jioni ya mvua, huenda irudi kesho. Kwa hiyo nafanya kazi kwa paneli ya sola na betri ya volti 12. Betri hutoa mkondo mnyoofu, ule ambao mafundi wetu huuita DC. Wengi hununua inveta ya kuugeuza kuwa AC ya volti 240, kisha wanachomeka chaja ya laptopu, ambayo inaurudisha kuwa DC! Kila mgeuzo hula stima na kuifanya joto. Gusa inveta utasikia. Mimi natumia chaja ya gari, inayopandisha volti 12 hadi 19 bila kupitia AC ya 240. Muda ninaoupata usiku ndio unaoniwezesha kumaliza kazi ya mteja kabla hajatafuta mwingine.

Sasa tazama vituo vya data. Seva nayo ndani hutumia DC tu. Lakini kwa kawaida stima huingia kituoni ikiwa AC, hugeuzwa DC kwa ajili ya betri za akiba, hurudishwa AC, halafu DC tena ndani ya seva. Minara ya simu haina mzunguko huo: mitambo yake hutumia DC ya volti 48, ileile ya betri zake.

Kilicholeta haraka ni akili bandia. Kabati moja la seva zake laweza kula kilowati 100 au zaidi. Piga hesabu: kwa volti 54 unahitaji ampea 1,850 hivi, kwa volti 800, ampea 125 tu. Waya wa shaba unakuwa mwembamba, na joto linapungua. Ndiyo maana mwaka 2025 kampuni ya Nvidia ilitangaza mpango wa kufikisha DC ya volti 800 kwenye makabati kuanzia 2027.

DC ina hatari yake. AC yetu hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche kwenye swichi huzimika upesi. Ya DC huendelea kuwaka, na swichi ya kawaida yaweza kuungua. Tumia iliyotengenezewa DC, pamoja na fyuzi.

Basi kabla hujanunua inveta kubwa zaidi, jiulize: kifaa changu kinahitaji AC kweli?