Gita la Rizimu

Nyumbani kwetu Kirumba, muziki wa dansi uliingia kwa redio ya betri iliyokaa juu ya kabati la vyombo, na mkono ulioruhusiwa kuigusa ulikuwa wa baba peke yake. Miaka ya themanini Tanzania Bara ilikuwa na stesheni moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti yake ilifika Mwanza ikiwa na mikwaruzo, hasa mvua inapotanda juu ya ziwa. Tulimsikia mwimbaji, tarumbeta na gita la solo. Besi tuliikisia. Baba, ambaye katika ujana wake aliwahi kushika gita, alikuwa akituambia kwamba nyuma ya solo kuna gita la rizimu, na kwamba hilo ndilo linalobeba wimbo. Tulimwamini bila kulisikia.

Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikaziba. Kwa hiyo nyimbo nyingi za bendi kama Mlimani Park, iliyoanza 1978, zilirekodiwa studio za RTD ili zirushwe hewani, zikabaki kwenye kanda za redio. Aliyetaka kuwa nazo nyumbani alizinasa kwa redio kaseti, kisha jirani akarekodi kutoka kwake, na jirani wa jirani naye vilevile.

Mimi nilikuwa mteja wa vibanda vya kurekodi kaseti pale Makoroboi. Unapeleka kaseti tupu ya dakika 90 na karatasi ya nyimbo unazozitaka, unaifuata siku ya pili. Utepe wa kaseti hukimbia sentimita 4.76 tu kwa sekunde, polepole kuliko kanda za studio, na kila nakala huongeza uvumi wake juu ya uvumi wa iliyotangulia. Ikifika mara ya nne, matoazi yamekwisha kufutika.

Gita la rizimu nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye CD, kwa rafiki aliyekuwa na spika mbili kubwa za mbao kule Nyegezi. Lilikuwa upande wake, likitembea kwa utulivu, na solo likicheza juu yake. Nikaelewa alichokuwa akikisema baba miaka yote ile.

Furaha hiyo haikudumu. Zikaja flashi na memori kadi, nyimbo mamia kwa bei ya soda chache, na kila sebule ikawa na sabufa. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 nyingi za vibandani zilikuwa na 128. Kilichotupwa hapo ni vile vidogo vidogo vinavyofanya gita liwe gita. Nasema wazi: sabufa ilitupa kishindo, ikatunyang'anya rizimu.

Spotify ilipofunguliwa Tanzania mwaka 2021, nikaanza kufikiria upya muziki wa nyumbani. Binti yangu akanishauri, "Baba, nunua spika moja ya Bluetooth, yatosha." Nikamwambia, "Mama, hiyo inafaa ufukweni." Bluetooth huubana wimbo tena njiani kutoka kwenye simu, na simu ikiita muziki unakatika. Kipokezi kinachounganishwa na ruta hujivutia wimbo chenyewe kutoka mtandaoni; simu inabaki rimoti tu. Nikachagua hicho, tena kwa waya, kisha amplifaya ya kawaida na spika mbili za mbao zilizokwishatumika, ambazo fundi alizibadilishia mipira ya koni.

Bando nalo lina hesabu yake. Saa moja ya muziki wa kilobiti 320 hula MB 144. Muziki wa ubora wa CD uliofungwa kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote, mara nyingi hula zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana jambo ninaloliona la lazima kwa nyumba ya Mwanza ni diski yako mwenyewe, yenye nyimbo zako za FLAC, iliyochomekwa kwenye ruta. Bando likiisha, ruta bado inaupeleka muziki kwenye kipokezi.

Chumba pia ni sehemu ya mtambo. Nyumba zetu ni kuta za saruji, sakafu ya vigae na bati juu, na sauti hudunda kila upande. Mkeka mzito, mapazia, na spika kusogezwa mbali na ukuta vilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichokuwa nikikitamani dukani.

Lakini mtambo mzuri hauwezi kurudisha kisichokuwamo kwenye faili. Nyimbo nyingi za zamani zilizomo mtandaoni zimetoka kwenye kaseti zilizorudufiwa, na spika nzuri huufichua ubovu huo wote. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kabatini kwako Bukoba, Musoma au Ukerewe kuna kaseti zilizorekodiwa moja kwa moja kutoka redioni, au santuri za wazazi, usizitupe wala usizigeuze MP3. Mtafute fundi mwenye deki nzima, azinakili kwa FLAC, tena mapema, kwa sababu unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye utepe, na ukungu ukishaula, hakuna fundi wa kuurudisha.