Kisanduku cha Sebuleni na Sauti ya Marehemu Baba



Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, hakuacha mali ya kugombaniwa. Aliacha saa ya ukutani, vitabu vyake, na kanda 38 za kaseti. Katika kanda hizo mlikuwa na darsa alizokuwa akizitoa baada ya sala ya alasiri, miezi ya Ramadhani, katika msikiti wa mtaani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa.

Sisi tuishio kando ya bahari twajua unyevu na chumvi hufanya nini. Kaseti zilipoanza kuota ukungu, nilikaa miezi kadhaa nikizipiga moja moja redioni huku kompyuta ikirekodi. Kazi hiyo haina njia ya mkato: kanda ya saa moja huchukua saa moja. Nilipomaliza nilizitia zote katika diski ndogo ya kuchukulika mkononi, nikaifungia kabatini, nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Miaka mitatu iliyopita niliitoa ili nisikilize darsa moja, nikaiacha imechomekwa usiku kucha. Umeme ukakatika, kisha ukarudi kwa nguvu. Asubuhi diski ilikuwa ikilia tik, tik, wala haikufunguka tena. Fundi niliyempelekea aliitia sikioni, akatikisa kichwa. Nikarudi kwenye kaseti zenyewe. Zilizopigika zilikuwa 29. Tisa ukungu ulikwisha kuzila. Katika moja ya hizo tisa, baba alikatiza darsa ili kunitania mimi, kijana wa miaka kumi na minne, kwa kusinzia mbele yake na mdomo wazi. Mimi ninakumbuka kicheko chake. Wanangu hawatakisikia.

Ndipo binti yangu wa tatu aliponiambia, “Baba, tuweke ghala la mtandao hapa nyumbani.” Nikaketi mbele yake kama mwanafunzi wa juzuu ya Amma.

Ghala hilo ni kisanduku chenye ukubwa wa mikate miwili ya boflo. Ndani yake mna nafasi za diski mbili. Huunganishwa kwa waya na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na tangu hapo kila simu na kila kompyuta ya nyumbani huweza kuweka na kuchukua vitu humo, hata siku intaneti ya nje ikikatika. Tulinunua diski mbili za terabaiti nne kila moja. Nilidhani tumepata nane. Binti akacheka: diski ya pili haiongezi nafasi, kwani kila kinachoandikwa katika ya kwanza huandikwa wakati uleule katika ya pili. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi mpaka tununue ya kuziba pengo. Na nafasi hiyo ilitutosha. Saa moja ya sauti isiyobanwa huchukua takriban megabaiti 600, kwa hiyo darsa zote 29 hazikufika gigabaiti 20. Picha na video za harusi ndizo zinazokula nafasi.

Kuunganisha waya ni kazi ya nusu saa. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga nani aone nini. Kila mtu wa nyumbani alipewa jina lake na neno lake la siri. Darsa za babu ziliwekwa wazi kwa wote kusikiliza, lakini mimi na binti tu ndio tuliopewa ruhusa ya kubadilisha. Daftari la madrasa, lenye majina ya watoto na nambari za simu za wazazi wao, lilifungwa hata kwa wanangu. Hiyo ni amana, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo yataka hivyo. Tukaongeza betri ya akiba ili umeme ukikatika kisanduku kijizime kwa utaratibu. Mlango wa kukifikia kutoka nje kupitia intaneti tuliuacha umefungwa, kwa sababu wako wezi wanaovizia vifaa vya namna hii, wakavifunga na kudai fidia.

Nikapumua, nikasema, “Alhamdulillahi, sasa tumesalimika.” Binti akasema, “Bado, Baba. Hizi diski mbili ni kama mtu na kioo. Kioo hakikuwekei sura yako. Ukiondoka mbele yake, nayo huondoka.” Akanunua diski nyingine ya kawaida. Kila mwisho wa mwezi akawa ananakili kila kitu humo, kisha anaichomoa na kuivusha feri hadi Likoni kwa shangazi yake. Mimi niliona ni udhia mtupu, nauli na foleni kwa kitu ambacho tayari tunacho mara mbili. Sikumwambia, lakini niliona.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, niliketi peke yangu kusafisha ghala. Niliona folda mbili zenye majina yanayokaribiana, nikadhani moja ni marudio ya nyingine, nikaifuta. Baadaye nikaifungua ile iliyobaki. Ilikuwa na orodha ya majina ya darsa, haina sauti hata moja. Nilichokifuta katika diski ya kwanza, ya pili ilikuwa imekifuta papo hapo, kwa utiifu uleule. Kisanduku kina kapu lake la taka ambalo mtu huweza kuokotea alichokitupa, lakini ni lazima liwashwe kwanza, na sisi hatukuliwasha.

Sikumwamsha mtu. Alfajiri nilipanda feri. Dada yangu alinipokea mlangoni akidhani nimeleta habari ya msiba. Nikaomba ile diski, nikaichomeka kwenye kompyuta ya mwanawe. Ilikuwa imefungwa katika kitambaa ndani ya bati la biskuti. Darsa zote 29 zilikuwamo. Tulifungua moja, na sauti ya baba ikajaa chumba. Dada yangu, aliyekuwa akiihifadhi miezi yote hiyo bila kujua kilichomo, akakaa chini akalia.

Nimeshafundisha watu miaka mingi maana ya amana, na bado nilijifunzia somo hili kwenye foleni ya feri. Wanakili wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, waliandika nakala baada ya nakala kwa mkono. Nakala ikiliwa na mchwa mji mmoja, nyingine husalia mji mwingine. Na Lamu, maandiko ya Msikiti wa Riyadha yamepigwa picha ili karatasi zikichakaa maneno yabaki. Kifaa chochote hufa, na mwenye kifaa hukosea. Kinachosalimika ni kile chenye nakala mahali ambapo mkono wako wenyewe haufiki kwa haraka.

Basi ndugu msomaji, kama uwezo wa kisanduku haupo, usingoje. Chukua diski mbili za kawaida, moja iwe kwako, nyingine kwa jamaa wa mtaa mwingine. Na kila baada ya muda ifungue ile ya mbali, uhakikishe inasomeka, kwani nakala isiyojaribiwa ni dhana tu. Wahenga wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Zile kanda tisa ziliisha hivyo, na lawama yake naibeba mimi.

Kapu la taka, kwa taarifa yenu, sasa limewashwa. Na kila mwisho wa mwezi mwenye kuvuka feri ni mimi.

Wabillahi taufiq.