Siri ya Mgonjwa ni Amana

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Methali hii humhimiza mgonjwa amfunulie tabibu maradhi yake, hata yale yanayomtia haya, kwa kuwa dawa haiwezi kuufuata ugonjwa usiotajwa. Lakini, msomaji mpenzi, hiyo ni nusu tu ya wajibu. Nusu ya pili ni ya yule anayefunuliwa: asiyejua kusitiri hastahili kuonyeshwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari huku Likoni. Kila muhula wanafunzi huniletea barua za hospitali: huyu ana pumu, yule ana kifafa, mwingine ana selimundu. Huziweka katika mtoto wa meza, kisha hutia ufunguo. Sifanyi hivyo kwa kuwa ugonjwa ni aibu, la, hasha! Nachelea ndimi za watu. Jina la ugonjwa likipita kutoka dawati hadi dawati, mtoto huacha kuitwa kwa jina lake.

Ufunguo wangu mdogo hutosha barua chache. Zamani aliyetaka kuiba siri za wagonjwa elfu moja alihitaji mkokoteni wa kubebea majalada. Leo siri hizo hukaa katika kompyuta, na mwizi aweza kuzichukua akiwa ng'ambo, bila kukanyaga Mombasa. Tena aweza kuwafungia nje wenye mali. Tarehe 12 Mei 2017, programu haribifu iitwayo WannaCry ilifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza. Miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ikavunjika. Dawa ya kuzikinga kompyuta hizo ilikuwa imetolewa tangu Machi, lakini wengi hawakuitia.

Hata hivyo, usidhani kwamba adui wa siri ni mwizi peke yake. Februari 2015 Rais wa Kenya aliagiza yakusanywe majina ya wanafunzi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ili, kama ilivyoelezwa, huduma ziwafikie. Nia njema haizuii orodha ya majina isianguke katika mikono mibaya. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba, ambayo katika Kifungu cha 31 hulinda faragha ya kila mtu. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Data. Sheria hiyo huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Nazo zikivuja na kuweza kumdhuru mwenyewe, aliyezihifadhi hupaswa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72.

Sheria ni ukuta, lakini walinzi wa mlango ni watu. Baadhi yenu mtakuwa wauguzi Port Reitz, makarani wa zahanati Kisauni, au mafundi wa kompyuta Changamwe. Nywila iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta ni ufunguo ulioachwa mlangoni. Picha ya cheti cha mwenzako, ukishaituma kwa simu, huwezi kuirudisha tena. Wagonjwa wakijua kwamba siri zao hutangazwa, watanyamaza mbele ya daktari, na wengine watakufa kwa maradhi yenye tiba. Basi jizoezeni kutunza amana hiyo tangu sasa, mngali madawatini.